Kuimba Injili kama familia makanisani Kigoma: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu ni wa baba, mama, watoto na wakwe wanaoimba pamoja na kualikwa kwenye makanisa ya Kigoma Mjini, Ujiji, Kasulu, Buhigwe, hadi vijiji vya kando ya ziwa. Mafundisho ya Biblia muulizeni mchungaji wenu. Hapa tumejibu yale yanayolikwamisha kundi: sauti, mitambo, sare, nauli, na ugomvi wa nyumbani unaopanda nanyi madhabahuni.

Tuko wanne tu. Tunatosha?

Hata watatu wanatosha, mradi kila mmoja ashike sauti yake bila kuvutwa na aliye pembeni. Shida ya kuwa wachache ni kwamba mmoja akipata homa Jumamosi usiku, wimbo umevunjika. Ndiyo maana watano hadi saba ndiyo idadi inayobebeka vizuri: mnaingia Noah moja na kinanda kikalala miguuni, na karibu kila sauti ina wa kuisaidia.

Mkiwa saba, jaribuni wawili sauti ya kwanza, wawili ya pili, mmoja ya tatu, wawili besi. Kosa tunaloliona kila mahali ni mabinti wote kurundikana sauti ya kwanza kwa kuwa ndiyo yenye wimbo wenyewe, huku mama akiachiwa sauti ya pili peke yake. Kanisa linasikia wimbo na besi, katikati kuna shimo.

Mazoezi yaweje?

Mara mbili kwa wiki, saa moja na nusu kila mara. Hiyo inazidi zoezi moja la urefu wa saa nne Jumamosi ambalo nusu yake watu wanasinzia. Pangeni kabla ya chakula cha jioni, si baada. Tumbo lililojaa ugali wa muhogo halivuti pumzi.

Anzeni kwa dakika kumi za kupasha sauti moto: kuguna midomo ikiwa imefungwa, kisha do-re-mi-fa-sol kwenda na kurudi, mkipanda nusu hatua kila mara. Halafu kila sauti iimbe peke yake ubeti mmoja. Baada ya hapo ziunganisheni mbili mbili: ya kwanza na besi, ya pili na ya tatu, ya pili na besi. Mkifika kuimba wote, kosa litakuwa limekwisha kujionyesha. Familia nyingi huruka hatua ya mbili mbili, na ndiyo sababu wimbo unafundishwa mwezi mzima bila kukaa.

Mwalimu arekodi kila sauti kwa simu, peke yake, polepole, na aitume kwenye kundi la WhatsApp la nyumbani. Aliye bwenini Kasulu au kazini Uvinza atajifunza bila kungoja likizo.

Sauti ya pili mara nyingi hukosea kwa kuifuata ya kwanza kwa umbali uleule tangu mwanzo hadi mwisho. Inapendeza mistari miwili, kisha inagongana na gita. Mahali inapogongana, mwimbaji abaki kwenye noti aliyokuwa nayo au ashuke hatua moja. Andikeni solfa (noti za do-re-mi) ya sehemu hiyo tu, hata kwenye daftari la hesabu za shule.

Kwa nini tukiimba bila kinanda tunaanza vizuri na kumaliza tumeshuka?

Mnashuka kwa sababu tatu. Noti inayorudiwa mara nyingi, kwa mfano maneno matano yote kwenye sol, hulegea kidogo kila inaporudiwa. Mi na ti huimbwa chini kuliko zinavyotakiwa. Na mkishuka kutoka juu, kila hatua inakuwa ndefu kuliko mlivyopanda. Uchovu na pumzi fupi vinaongezea.

Jipimeni hivi: mtoe do kwenye kinanda, mkizime, muimbe wimbo wote, kisha mkiwashe na kugusa do ile ile. Kama mmeshuka nusu hatua, tafuteni ni mstari gani. Karibu kila mara ni mstari mmoja tu, na mara nyingi ni mwisho wa kiitikio, pale watu wanapookoa pumzi.

Tuchague kii gani?

Kii, yaani kimo cha sauti ambacho wimbo unaanzia, ichaguliwe na mwenye sauti ya kwanza asiyefika mbali, wala si na binti mwenye kipaji. Imbeni pale noti ya juu kabisa inapotoka bila shingo kukaza. Asubuhi sauti huwa nzito, kwa hiyo kii iliyowakaa Ijumaa jioni inaweza kuwa juu mno Jumapili saa 3. Shusheni nusu hatua.

Hapa kuna mtego wa kinanda. Wapigaji wengi wanajua kupiga kwenye C peke yake, kisha wanabonyeza transipozi, kitufe cha kuhamisha kii. Si dhambi. Lakini kinanda cha kanisa kilipigwa na mwingine kabla yenu, na aliacha transipozi kwenye +3. Mpigaji wenu anaanza, mnapanda wote, na kwenye kiitikio sauti ya kwanza inapasuka mbele ya watu mia mbili. Kabla ya kugusa noti yoyote, tazama kioo cha kinanda: transipozi sifuri, sauti nusu, midundo imezimwa.

Kijana wetu alikuwa na sauti nzuri, sasa inakatika. Tufanye nini?

Sauti inavunjika, kwa kawaida kati ya miaka 12 na 15. Asilazimishwe kubaki sauti ya kwanza kwa kuwa "wimbo ni wake". Mshusheni taratibu kwenye ya pili, halafu ya tatu, akiimba noti chache tu zinazotoka bila nguvu. Miezi ile mibaya apewe kayamba au ajifunze besi gita. Na nyumbani asichekwe. Kijana aliyechekwa na dada zake mezani huacha kuimba kabisa, na mkija kumhitaji kwenye besi hayupo.

Watoto wa miaka 6 hadi 10 waimbe wote sauti ya kwanza, bila kupiga kelele. Mkesha wasiende. Septemba, mwenye mtihani wa Darasa la Saba apumzishwe, na Novemba mwenye Kidato cha Nne vilevile. Mialiko ya miezi hiyo ipokeeni kwa kundi dogo.

Sauti imekauka na kesho tunaimba. Tangawizi? Yai bichi?

Unachomeza hupita njia ya chakula na hakigusi nyuzi za sauti. Tangawizi ya moto inatuliza koo, basi. Yai bichi linaweza kukupa kuhara, nalo halisaidii sauti. Kinachosaidia ni maji tangu siku iliyotangulia, kukaa mbali na moshi wa jiko la kuni, na kunyamaza. Usinong'one pia, kwani mnong'ono wa nguvu unazichosha nyuzi zilezile. Kukwaruza kukizidi wiki tatu, nenda hospitali.

Tukialikwa, tuulize nini?

Mwaliko wa mdomo mshukuruni aliyeutoa, kisha mwombeni barua au ujumbe wa katibu wa kanisa. Nanyi mbebe barua ya utambulisho kutoka kwa mchungaji wenu. Bila hiyo, mzee wa kanisa wa zamu ana haki ya kuwaweka benchi hadi ibada iishe, na baadhi hufanya hivyo.

Katibu wenu ajibu ndani ya siku tatu na aulize haya kwa simu moja: ibada ni saa ngapi na ni ya nini (mavuno, ubatizo, harambee, ndoa), mnapewa nyimbo ngapi, mnaimba kabla au baada ya mahubiri, kuna umeme, maiki ni ngapi na zinafanya kazi, nauli ni ya nani, na kama ni mbali, mtalala wapi. Swali la nauli linaonewa aibu kuliko yote, na ndilo linaloleta manung'uniko mkisharudi. Ulizeni kwa adabu: "Mchungaji, tungependa kujua kama kanisa litatusaidia usafiri, au tujipange wenyewe." Jibu lolote ni jema, ubaya uko kwenye kubahatisha.

Mkiambiwa nyimbo mbili, andaeni tatu na mwimbe mbili. Mkipewa dakika kumi, imbeni nane. Mahubiri yaliyobanwa na wageni hayasahauliki, na mwaka unaofuata hamwitwi.

Makanisa yanatofautiana vipi?

Kwa Wapentekoste mna nafasi ya kuchezea wimbo, kurudia kiitikio, hata kuinua mapambio na kanisa likaitika. Kwa Walutheri, Wamoravian na Waanglikana ibada ina mpangilio, nyimbo za wageni zina mahali pake, na mkiambiwa ni baada ya somo, msisogee mbele kabla ya kiongozi kuwataja. Kasulu, yaliko makao ya dayosisi ya Kianglikana ya Western Tanganyika, mnaweza kukutana na kwaya tatu au nne za mtaa mmoja ibada moja. Wageni mnaimba kidogo.

Kwa Wakatoliki, msiende na wimbo mnaoupenda tu. Misa ina sehemu zake: Mwanzo, Utuhurumie, Utukufu, Zaburi ya katikati, Shangilio, Matoleo, Mtakatifu, Mwanakondoo, Komunyo, Shukrani. Muulizeni mwalimu wa kwaya ya parokia mnashika ipi. Kwa kawaida wageni hupewa Shukrani au hatua ya Komunyo. Kwaresima hakuna Aleluya, hata kama ni wimbo wenu bora.

Kwa Waadventista Wasabato ibada kuu ni Jumamosi. Ngoma ziacheni nyumbani, hereni na mikufu ivuliwe, na jiandaeni kuimba sauti tupu. Mafuta ya gari na mahitaji mengine yanunuliwe Ijumaa kabla jua halijazama. Kundi linaloonekana sheli asubuhi ya Sabato limejiharibia kabla ya kufungua mdomo.

Hata salamu ina mahali pake: "Tumsifu Yesu Kristo" kwa Wakatoliki, "Bwana Yesu asifiwe" kwa Wapentekoste na Walutheri, "Sabato njema" Jumamosi ile. Atakayesalimu ateuliwe mapema, na asihubiri.

Mitambo: tunahitaji nini hasa?

Kidogo kuliko mnavyodhani. Kanisa la watu 150 lenye kuta za tofali na sakafu ya saruji linasikika kwa spika mbili, mikisa (kifaa cha kuchanganya sauti) ya chaneli sita, maiki nne na kinanda cha funguo 61. Mkianza, nunueni maiki na waya zenu kwanza. Spika makanisa mengi yanazo, ila maiki zao zimeanguka mara nyingi na waya zimeungwa kwa selotepu.

Fikeni dakika tisini kabla ya ibada. Kabla ya kuwasha, shusheni vitufe vyote vya mikisa hadi chini. Washeni kinanda, kisha mikisa, mwisho amplifaya. Kuzima ni kinyume: amplifaya kwanza. Mkigeuza mpangilio mtasikia "bup!" kubwa, na mlio huo mmoja unaweza kuunguza spika.

Watu saba kwa maiki nne: wawili wawili kwa maiki, midomo umbali wa shibiri moja, anayeimbisha na ya kwake. Besi wasogee karibu zaidi, sauti ya kwanza warudi nyuma nusu hatua.

Maiki inapiga mluzi. Nani alaumiwe?

Mara nyingi ni mpangilio, fundi mitambo hana kosa. Sauti inatoka kwenye spika, inaingia kwenye maiki, inarudi kwenye spika, inazunguka hadi ilie. Spika ziwe mbele yenu zikitazama watu, nanyi msimame nyuma yake. Msishike kichwa cha maiki kwa kiganja kama wasanii wa kwenye video, kwani mkono unaifanya maiki ivute sauti toka pande zote. Msiielekeze chini kwenye spika ya sakafuni wakati wa kuinama.

Ikilia, punguza maiki ambayo haitumiki kwanza. Makanisa ya bati na saruji huzungusha sana sauti nzito, basi punguzeni besi kwenye mikisa hadi maneno yasikike wazi. Mtu wenu asimame mlango wa nyuma wakati wa majaribio, anyooshe kidole juu au chini. Mliopo mbele hamwezi kujua nyuma kunasikikaje.

Mvua ikinyesha juu ya bati katikati ya wimbo?

Kuanzia Novemba hadi Aprili jambo hili litawakuta. Msiongeze sauti ya spika hadi mwisho. Mvua inafunika konsonanti, kwa hiyo watu watasikia kelele juu ya kelele. Geukieni pambio ambalo kanisa zima linalijua, waimbe nanyi, mvua ikipungua mrudi kwenye wimbo wenu. Wimbo mpya wenye maneno mengi usianzwe chini ya mvua.

Umeme ukikatika?

Kila kundi liwe na nyimbo mbili za sauti tupu zilizofanyiwa mazoezi kweli, si za kubahatisha. Mkitegemea jenereta, jumlisheni wati zilizoandikwa nyuma ya kila kifaa pale panapotajwa umeme unaotumika. Namba kubwa iliyochorwa mbele ya spika ni ya kuuzia. Amplifaya wati 500, mikisa 30, kinanda 20, taa 50: jumla 600. Jenereta ya kVA 2 inabeba bila kuhema. Iwekwe nje, mbali na madirisha, na moshi uelekee upande usio na watu. Isiwekwe kamwe kwenye chumba cha nyuma cha kanisa, hata mvua ikinyesha, kwa kuwa moshi wake unaua bila harufu ya kutisha. Na isijazwe petroli ikiwa inanguruma.

Sare: kitenge kiasi gani?

Gauni la mtu mzima linakula yadi 4, shati la mwanamume yadi 2 na nusu, mtoto yadi 2. Nunueni chote siku moja, kutoka jora moja, na muongeze yadi 6 za akiba. Mkirudi dukani baada ya miezi miwili, ua lile limekwisha au rangi imepauka kidogo, na mkwe mpya atavaa tofauti kwenye kila picha. Watoto waachiwe pindo la ndani la vidole vinne.

Sasa mawese. Hapa kwetu mgeni hupewa sombe (kisamvu), na sombe ya kweli imeelea mafuta mekundu. Kula na sare nyeupe ni kuitafutia madoa, basi badilisheni nguo kabla ya chakula, hata kama mwenyeji anasema "karibuni mezani" mara tatu. Tone likishadondoka, usiliwahi na maji. Lifute kwa karatasi kavu, pakaza sabuni ya maji ya kuoshea vyombo juu ya doa likiwa kavu, sugua kwa vidole mpaka rangi ianze kuhama, ndipo umwage maji ya moto. Kitakachobaki ni kivuli cha njano. Anika juani doa likitazama juu, kivuli kitapauka siku mbili tatu.

Safari ya ziwani na kinanda itakuwaje?

Kinanda kivikwe nailoni mbili, kila moja ikifungwa upande wake, kisha kilazwe juu ya mizigo, kamwe si chini ya boti ambako maji hukusanyika. Kila mtu avae jaketi okozi, mtoto la kipimo chake. Kati ya Mei na Agosti upepo wa kusini unavuruga ziwa, na nahodha akisema tusubiri, subirini. Pigeni simu kanisani mwambie ukweli. Kwa treni ya kwenda Tabora, ondokeni mkiwa na siku nzima ya akiba.

Fedha tunagawaje?

Mtunza fedha asiwe baba. Baba akishika daftari hakuna anayethubutu kuuliza, na kisichoulizwa hugeuka minong'ono. Mpe binti au mkwe anayejua hesabu, na daftari lisomwe mbele ya wote siku hiyohiyo mkirudi, hata mkiwa mmechoka.

Mfano: mmepewa bahasha ya sh. 80,000 na watu wamewatunza sh. 40,000 wakati mnaimba. Jumla 120,000. Toeni nauli 45,000 na mafuta ya jenereta 10,000. Zinabaki 65,000: vyombo 30,000, sare 15,000, na 20,000 mgawane. Fungu la kumi kama mnatoa, kubalianeni tangu mwanzo kama linakatwa kwenye jumla au baada ya gharama. Hela ya kutunzwa ni ya kundi, hata kama iliwekwa mkononi mwa mtoto mmoja aliyecheza vizuri. Mnunulieni soda.

Tunataka wimbo wa Kiha. Kuna la kuangalia?

Kiha kina toni: neno likipandishwa mahali pasipo pake linaweza kubeba maana nyingine. Tungeni maneno kwanza, myaseme polepole, na muache wimbo ufuate kupanda na kushuka kwa usemi. Msikilizisheni mzee wa Buhigwe au Kasulu kabla ya kanisa. Akicheka mahali pasipochekesha, badilisheni mstari. Kiswahili nacho kina mkazo wake kwenye silabi ya pili kutoka mwisho: katika "anakuja", pigo zito liangukie "ku". Likiangukia "ja" wimbo unasikika kama umetafsiriwa.

Kurekodi kunahitaji kibali?

Mkianza kuuza kazi zenu, jisajilini BASATA (Baraza la Sanaa la Taifa), na nyimbo mziandikishe COSOTA (ofisi ya hakimiliki). Wimbo wa mtu mwingine msiurekodi bila ruhusa yake ya maandishi, kwani hata tenzi za zamani tafsiri yake inaweza kuwa na mwenyewe. Kabla ya kuingia studio, andikianeni na mtayarishaji: nyimbo ngapi, bei, marekebisho mara ngapi, na kwamba mtapewa faili kamili pamoja na sauti moja moja zilizotenganishwa. Wengi huondoka na faili ya simu tu, kompyuta ya studio ikifa, na wimbo umekufa nayo.

Binti yetu anaolewa. Bado ni mwanakundi?

Zungumzeni na mume na wazazi wake kabla ya harusi, si baada ya mwaliko wa kwanza. Semeni wazi ni Jumapili ngapi kwa mwezi, safari zipi za kulala, na nauli yake inatoka wapi. Kama anahamia kanisa lingine, mchungaji wake mpya naye ajulishwe. Wakati huohuo anzeni kumfundisha mwingine sauti yake, hata kama anaahidi kurudi kila wiki. Mimba na mtoto mchanga havifuati ratiba ya kwaya.

Baba na kaka hawasemezani, na Jumapili tunaimba.

Wekeni kanuni mbili. Makosa ya kuimba yasemwe kwenye mazoezi tu, na mtu asisahihishwe akiwa na tonge mkononi. Na lawama za nyumbani zisitumike kama fimbo ya mwimbishaji: "ndiyo maana hata kuchota maji huwezi" haifundishi besi. Ugomvi ukiwa mbichi, mkaribisheni mzee wa kanisa au shangazi asiyeimba. Mkishindwa kupatana kabla ya Jumamosi jioni, mpigieni mchungaji mwenyeji mwahirishe. Sauti za watu waliokasirikiana hazisikilizani: kila mmoja anaimba kwa nguvu zake, na mwisho wa mistari hakuna anayemaliza na mwenzake.

Tukifiwa wenyewe, tuimbe msibani?

Ombeni kwaya nyingine iongoze. Anayelia hawezi kushika pumzi, na anayejikaza asilie anakaza koo. Mkitaka kumuaga wenu kwa wimbo, uwe mmoja, mfupi, kii ikishushwa hatua nzima, na kwaya ya kanisa isimame nyuma yenu ikijua maneno, ili mkinyamaza katikati wao waendelee.